Mkono Ulikuwa Wapi

Jumapili, 3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, isipokuwa miguu, ambayo ikifika jioni hainitambui tena. Mama hajambo? Na ile ngiri yako je? Usinijibu kwamba imelala. Kila nikiuliza unaniambia imelala, kama vile unalea mtoto mchanga.

Uliuliza wodi mpya ikoje. Ni chumba kirefu chenye joto, pazia nene, na visanduku vya plastiki angavu vimepangwa ukutani, kila kimoja na mtoto wake. Wote ni njiti, wamewahi kuja kabla ya siku zao. Mlango wa jokofu tumeubandika sponji usijibamize. Mtu akidondosha kalamu, wote tunamgeukia kama amevunja sahani msibani.

Kazi ninayojifunza ni hii. Matumbo ya watoto hawa bado hayajawa tayari kwa maziwa ya kutosha, kwa hiyo sehemu kubwa ya chakula chao inapitia kwenye mshipa wa damu. Mishipa ya mkononi haikihimili. Inachoka, inapasuka, mtoto anachomwa leo na kesho anachomwa tena. Dawa yake ni mrija mmoja mrefu, mwembamba kama uzi wa kushonea. Unauingiza mkononi, unausukuma taratibu ndani ya mshipa mpaka ncha yake ifike kwenye mshipa mkubwa ulio karibu na moyo. Ukikaa sawasawa, mtoto anapumzika sindano kwa wiki kadhaa. Ukikaa vibaya, ni heri usingeuweka.

Anayetufundisha ni muuguzi mkuu wa wodi. Tunamwita Bi Futi, kwa sababu ya utepe wa karatasi wa kupimia usiotoka mfukoni mwake. Ana sheria mbili. Ya kwanza, ukikosa mshipa mara mbili unampa mwenzako sindano, hata kama mwenzako ni mgeni kuliko wewe. Ya pili, hamwachii mtu kufanya kazi hii peke yake mpaka aweke mirija mitatu mfululizo bila yeye kunyoosha mkono kusaidia. Mwanafunzi wake mmoja alifikisha miwili, wa tatu ukamshinda, na sasa yuko wodi ya macho. Anasema ana furaha sana. Anasema mara nyingi mno.

Juzi Bi Futi amemwekea mrija mtoto wa gramu mia tisa, mimi nikishika taa. Mtoto huyo tumempa jina la Bosi. Amekunja paji la uso kama mtu anayesoma ripoti asiyoipenda.

Nenda kamwone daktari, Baba. Ngiri haiponi kwa mkanda.

Mwanao


Jumatatu, 11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi huku wazima, mama yako anakusalimu, na mkanda unafanya kazi yake vizuri kuliko unavyoudharau.

Barua yako niliisoma dukani, nikakwama kwenye gramu mia tisa. Nimeuza nyama miaka yote hii, najua gramu mia tisa kwa mkono bila mizani, lakini nilikuwa sijawahi kuziwazia mtoto. Nikanyoosha mkono kuchukua kipande nipime. Mama yako akaniambia, "Ukithubutu kumlinganisha mtoto wa watu na maini, leo unakula kwa jirani." Basi nikachukua mfuko wa unga, nikaanza kuupunguza kwa kijiko mpaka mshale ukagota pale. Kulikuwa na mteja amesubiri. Akasema, "Mzee, mimi nataka nyama ya mchuzi, wewe unanipimia uji." Nikamwambia anyamaze kidogo. Nikaushika ule mfuko kwa viganja viwili. Mteja naye akaomba aushike.

Mfuko nimeuweka rafuni nyuma ya mizani. Kila utakaponiandikia uzito wa Bosi, nitaongeza unga. Fundi viatu wa jirani ameshaanza kuulizia kila asubuhi.

Kuhusu ngiri. Nilikuwa nimeandika hapa kwamba duka halina wa kuliachia. Mama yako amesoma juu ya bega langu, akasema niandike ukweli au ataandika yeye. Ukweli ni kwamba kisu hakinitishi. Mtu akiwa amelala, kisu anakijulia wapi? Kinachonitisha ni sindano ya kabla ya kisu. Hili unalijua. Siku tuliyokupeleka chanjo, ya kuchomwa ulikuwa wewe, wa kuzimia nikawa mimi. Muuguzi akakupakata wewe kwa mkono mmoja, kwa mwingine akanipepea mimi kwa kadi yako ya kliniki. Wewe hukulia.

Kwa hiyo nakupa ahadi, mama yako shahidi. Wiki ambayo Bi Futi atakuachia uweke mirija peke yako, wiki hiyohiyo nakwenda kupasuliwa. Lakini usikimbilie, mwanangu. Kazi nzuri haitaki pupa.

Na usinipigie simu juu ya jambo hili. Mimi kwenye simu napayuka, fundi viatu atasikia kila kitu.

Baba yako


Jumapili, 24 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, na miguu imezoea. Ahadi yako nimeipokea, na ujanja wake nimeuona. Unaomba dua nichelewe. Mimi nimeshaanza.

Nilianza vibaya. Mtoto wa kwanza nilimkosa mshipa. Nikajaribu mkono wa pili, nikamkosa. Mwili wote ulitaka kujaribu tena, Baba. Mshipa niliuona kabisa chini ya taa, mstari wa bluu, unaniangalia. Nikampa sindano mwenzangu, msichana aliyeingia wodini baada yangu. Akaupata. Bi Futi akasema, "Vizuri." Nikadhani anamwambia yeye. Alikuwa ananiangalia mimi.

Wiki iliyofuata nikapata wangu. Nikusimulie, maana najua Mama anakusomea kwa sauti na wewe unaangalia pembeni. Tunapima kwanza, kutoka pale sindano itakapoingia, kufuata njia ya mshipa, mpaka kifuani. Mtoto tunamfunga vizuri kwenye kitambaa, mkono mmoja tu nje. Mwenzangu anamdondoshea maji ya sukari kwenye ulimi, anaanza kuyanyonya, anasahau dunia. Kisha sindano. Damu ikijitokeza, unaupitisha mrija kwa kibano, kidogo kidogo, kama mtu anayepita chumbani walipolala watu. Kichwa cha mtoto unakigeuzia upande wa mkono unaoufanyia kazi, mrija usije ukapotea njia ukapanda shingoni. Halafu eksirei inapigwa palepale alipolala, tuone ncha imefika wapi. Yangu ilikuwa pale inapotakiwa. Bi Futi aliiangalia kwa muda mrefu, akakunja utepe wake, akasema, "Mmoja."

Alhamisi nikapata wa pili.

Bosi ana gramu elfu moja na ishirini. Mrija wake umeshatolewa, sasa anakunywa maziwa kwa kipira cha puani, na bado hajairidhia ile ripoti.

Andaa pajama, Baba.

Mwanao


Jumanne, 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Tuko salama. Mama yako amefurahi mpaka ameimba. Mimi nimefurahi pia, ingawa nauliza tu, miwili tayari? Mbona haraka hivyo? Huyo Bi Futi hajalegeza kamba kweli?

Unga umeongezwa. Niliongeza mbele ya watu, fundi viatu akashuhudia. Wateja sasa wamegawanyika. Kuna wanaosema mfuko ukifika kilo mbili mtoto anakwenda nyumbani, na mwanamke mmoja muuza mitumba ambaye anasema uzito si kitu, cha maana ni kunyonya mwenyewe. Amezaa wanne, kwa hiyo tumemwachia kiti.

Jambo jingine dogo. Juzi nilikuwa nashusha paja la ng'ombe kutoka kwenye ndoano, ngiri ikatoka ikagoma kurudi. Nikajilaza chini nyuma ya kaunta, magoti juu, mpaka ikarudi yenyewe. Mteja aliingia akaita, "Mzee upo?" Nikajibu, "Nipo, nakagua sakafu." Akanunua nusu kilo kwa mama yako, akaenda zake. Nakueleza mimi kwa sababu mama yako angekueleza, na yeye hukuza mambo.

Endelea na kazi. Taratibu.

Baba yako


Jumapili, 14 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini umeamka vizuri na hukagui sakafu. Hilo halinichekeshi. Ngiri ikigoma kurudi kabisa, utumbo unabanwa, damu haipiti, na hapo hakuna cha kuchagua wiki. Ni kukimbizwa. Nimeyaona. Mwambie Mama siku ikigoma tena asikusikilize wewe, atafute gari.

Sasa yangu. Tumbo la Bosi lilivimba, daktari akasimamisha maziwa, akahitaji mrija mwingine. Bi Futi akaniambia, "Wa tatu wako ni huyu." Nilifurahi, Baba. Nilisema kimoyomoyo, wiki hii Baba anapanda kitandani.

Mshipa niliupata mara ya kwanza. Mrija ulipita bila kugoma. Fundi wa eksirei akaja na mashine yake, nami nikauinua mkono wa Bosi juu ya kichwa usizibe kifua kwenye picha. Picha ikatoka safi. Ncha ilikuwa mahali pake kama imechorwa. Nikasema, "Sawa," nikaanza kubandika plasta.

Bi Futi akaja. Hakuangalia ncha. Aliangalia mfupa wa bega. Akauliza, "Mkono ulikuwa wapi?"

Nikasema ulikuwa juu.

"Na yeye hulala hivyo?"

Bosi alikuwa amekwisha kuushusha, amelala kama wanavyolala wote, kiwiko kimekunjwa, ngumi kifuani. Mkono ukishuka, mrija huingia ndani zaidi. Nililijua hilo. Nimeliandika kwenye mtihani. Picha ya pili ikaonyesha ncha imo ndani ya moyo. Mrija ukikaa hapo unaweza kuuvuruga mdundo, na mara chache sana unaweza kuutoboa. Bi Futi aliurudisha nyuma, umbali usiofika upana wa kucha ya kidole gumba. Picha ya tatu ikawa sawa. Bosi hakuamka.

Hakunifokea. Alisema tu, "Mtoto hatakaa ameinua mkono kama mwamuzi wa mpira mpaka siku ya kutoka." Kisha akasema hesabu inaanza upya.

Nimekaa nimefikiri. Bi Futi asingepita pale, mimi nilikuwa nimeshasema sawa. Nitaomba nihamishiwe wodi ya macho. Kule mtu mzima anakaa kwenye kiti, ukikosea anakwambia.

Kwa hiyo ahadi yako imekufa yenyewe, Baba. Naomba tu uende bila ahadi.

Bosi hajambo. Gramu elfu moja mia mbili na hamsini.

Mwanao


Jumapili, 5 Mei

Baba,

Shikamoo, kama utaipokea. Wiki tatu hujaniandikia. Nilivunja mwiko nikapiga simu, akapokea Mama. Akasema, "Baba yako mzima, ataandika mwenyewe, nina mteja," akakata. Mama hajawahi kunikatia simu tangu nizaliwe. Nilipiga ya dukani, akapokea fundi viatu. Akasema hajui lolote, kwa sauti ya mtu anayejua kila kitu. Kama umeninunia kwa sababu ya ile barua, ninunie waziwazi nijue.

Barua ya uhamisho niliiandika. Nikampa Bi Futi mkononi. Aliisoma yote, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza ya dawa, ule unaoyumba. Akaitikisa meza. Haikuyumba. Akasema, "Asante. Kisanduku cha pili kinahitaji mrija."

Nikanawa mikono.

Huo ukawa wa kwanza wa hesabu mpya. Wa pili ulikuwa wa pacha, yule mdogo, mwenye mishipa kama nywele. Nilimkosa mara moja, nikapata mara ya pili, jasho likinitoka mpaka mwenzangu akanifuta paji kama tumo kwenye sinema. Wa tatu ulikuwa juzi Ijumaa asubuhi. Bi Futi alikaa kwenye kiti karibu na dirisha na kikombe cha chai. Nilimwona anataka kusimama nilipofika kwenye bega, mrija uliposita. Nikasubiri. Nikaugeuza mkono kidogo, ukapita. Hakusimama.

Fundi wa eksirei akaja. Akaniambia, "Inua huo mkono basi, unanizibia." Nikamwambia, "Hapana, kaka. Tunapiga alivyolala." Akaguna. Nikaushikilia mkono chini, kiwiko kimekunjwa, nikajipinda mwenyewe nisizibe. Ncha ilikuwa mahali pake. Bi Futi alikuja, akatazama bega kwanza, kama kawaida yake, halafu ncha. Akanywa chai iliyobaki. Akasema, "Kuanzia leo usiniite mpaka uwe na shida."

Basi, Baba. Nimeachiwa. Ahadi nilisema imekufa, sasa nasema imefufuka, na Mama bado ni shahidi. Wiki hii. Nitakuja mwenyewe nikushike mkono ikibidi, na nitakuletea maji ya sukari.

Bosi ana kilo moja na gramu mia sita na hamsini. Tumbo limetulia, mrija umetoka, anavuta chupa kwa hasira.

Tafadhali andika.

Mwanao


Ijumaa, 10 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na hongera sana. Hali yangu ni njema kuliko unavyodhani, ila sitakiwi kucheka. Barua yako ameniletea mama yako hapa wodini, amenisomea. Ndiyo, wodini. Nilipasuliwa Jumanne. Barua yako ya kunidai niende iliponifikia, mimi nilikuwa nimekwisha kushonwa. Kwa hiyo usije. Wanaonishika mkono wapo wa kutosha.

Nikueleze ilivyokuwa, maana umeniandikia kila kitu na mimi nilikuficha.

Ile barua yako ya mkono ulioinuliwa niliisoma pale kaunta. Nilipofika uliposema hesabu inaanza upya, nilivuta pumzi. Nafuu, mwanangu. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichosikia moyoni, nafuu, kwamba nimesogezewa siku. Kisha nikaendelea kusoma, nikafika kwenye wodi ya macho. Nikauangalia ule mfuko wa unga. Baba gani huyu, nikasema, anayekaa dukani akiomba mwanawe ashindwe ili yeye asichomwe sindano. Nikafunga duka saa hiyohiyo. Fundi viatu akauliza kuna msiba? Nikamwambia ashike funguo.

Daktari akanipangia siku ya mbele kidogo. Sikukuandikia kwa sababu sikuwa na hakika kwamba sitakimbia. Kukupa habari ya kwenda, halafu kukupa habari ya kukimbia, hiyo ingekuwa kukusumbua mara mbili. Mama yako nilimwapisha. Fundi viatu nilimtisha.

Siku yenyewe akaja msichana wa kuweka dripu, bado mwanafunzi, mikono baridi. Nikamwomba maji ya sukari. Akasema, "Mzee, hutakiwi kula wala kunywa." Nikamwambia kwenye wodi ya wenzenu watoto wanapewa. Akadhani nimechanganyikiwa, akaandika kitu. Akachoma, akakosa. Nikaangalia dari. Akachoma tena, akakosa. Nikaona anaibadilisha sindano, anakuja na ya tatu. Nikamuuliza, "Binti, kwenu hapa hakuna sheria ya mara mbili?"

Akasimama. Akasema, "Ipo, Mzee. Lakini inauma kuifuata."

Nikamwambia, "Binti yangu ameifuata. Mwalimu wake akamwambia, 'Vizuri.'"

Akaniangalia, kisha akaenda akamwita mwenzake, kijana mmoja mwenye ndevu tatu kidevuni. Akapata mara ya kwanza. Msichana alisimama pembeni ameinamisha kichwa. Nikamwambia kwa sauti, wodi nzima ikasikia maana unaijua sauti yangu, "Vizuri." Sikumwambia yule aliyepata. Tena sikuzimia. Niliona nyota chache, nikazihesabu, zikaondoka.

Baada ya operesheni niliamka nikaona sindano bado ipo mkononi. Nikaogopa kuisogeza. Nikauinua mkono juu nikaushikilia hivyo, kama mtoto wa shule anayeomba ruhusa ya kwenda msalani. Nikakaa hivyo mpaka muuguzi wa zamu akapita. Akasema, "Mzee, dripu yako haishuki. Mkono wako uko wapi?"

Nikacheka, mwanangu. Hapo ndipo nilipojua kwamba sitakiwi kucheka. Mama yako alidhani nyuzi zimefumuka. Nikamwambia muuguzi, "Swali hilo limemrudisha binti yangu darasani." Akaushusha mkono wangu taratibu, akaulaza. Dripu ikaanza kutiririka.

Nisalimie Bi Futi. Mwambie ile meza ikiyumba tena anijulishe, nitamwandikia barua ndefu.

Baba yako


Jumatano, 29 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma wodini wakati wa chai, nikaangua kicheko mpaka nikatolewa nje. Bi Futi akanifuata kuuliza kuna nini. Nikampa asome. Alisoma amesimama korido, akarudi kwenye ule ukurasa wa msichana wa sindano mbili, akausoma tena. Akaniambia, "Baba yako angefaa hapa." Nikamwambia unazimia. Akasema wote huanza hivyo.

Nilitaka kukukasirikia kwa kunificha. Nimejaribu siku mbili, hasira haikuja.

Kidonda kikoje? Usinyanyue kitu kizito, na paja la ng'ombe liangalie tu kwa macho.

Nimeandika upesi kwa sababu kuna habari. Bosi ametoka leo. Ananyonya mwenyewe, kwa hiyo mwambie yule mama wa mitumba kwamba alikuwa sahihi. Mama yake Bosi alimfunga kifuani, akazunguka wodini kuaga, kisanduku kwa kisanduku. Alipofika kwangu nikamfunua kidogo kumwona uso. Paji limekunjuka. Alikuwa amelala, mkono mmoja umeinuka juu kabisa ya kichwa. Nikauacha hapohapo. Sasa ni wake.

Kilo mbili na gramu sitini.

Mwanao


Jumanne, 4 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, kidonda kimefunga, mkanda nimempa fundi viatu afanyie kazi nyingine.

Mama yako ndiye anayekata nyama siku hizi. Anakata kwa haki kuliko mimi, na wateja wameanza kuliongea hilo mbele yangu. Mimi nimepewa kiti na kazi ya kufukuza nzi.

Leo asubuhi nilisoma barua yako kwa sauti, duka limejaa. Mama wa mitumba akavuta kiti chake mbele kidogo. Fundi viatu akashusha mfuko rafuni. Niliongeza unga mwenyewe, kijiko kwa kijiko, mpaka kilo mbili na gramu sitini. Halafu mama yako akasema, "Haya, shughuli imekwisha. Huo unga urudi nyumbani ukapikwe."

Nikasimama kuuchukua. Akaniambia niuache, daktari amekataza mizigo. Nikamkumbusha kwamba daktari alisema mwisho kilo tano, na alimwambia yeye, nami nilikuwepo. Akasema, "Basi ubebe kwa mikono miwili."

Nikaubeba kifuani, nikapita barabarani pole pole, kwa mwendo wa mtu aliyeshonwa. Muuza magazeti akaniita, "Mzee, pole kwa ugonjwa. Umebeba nini hicho, mbona kwa adabu hivyo?"

Nikamwambia, "Nipishe. Bosi anakwenda nyumbani."

Baba yako